Mkate wa Kufutia

Saa kumi na nusu jioni nilikuwa dukani nanunua mkate uliolala. Muuza duka alishanizoea. Wateja wengine wanaubonyeza mkate kujua kama umetoka leo, mimi nauliza kama upo wa jana. Aliwahi kutaka kujua nafuga nini nyumbani. Nilimjibu kwamba nachora, akacheka mpaka akakohoa, akanipa mkate wangu mweupe usio na siagi wala sukari, nikaondoka nao kwapani.

Sikuwa namtania. Wachoraji wa mkaa wa zamani walikuwa wakifuta kwa mkate, na Mwalimu wangu hakutaka kuiona raba chumbani mwake. Unachukua ile sehemu laini ya ndani, unaifinyanga kwa vidole mpaka iwe kidonge, unaigusisha kwenye karatasi pole pole. Mkaa unahamia kwenye mkate, karatasi inabaki safi. Mkate ukiwa na mafuta karatasi inaingia doa, ndiyo maana ya kutafuta ule mkavu.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kinyaa. Siwezi kunywea kikombe alichonywea mwingine hata akiwa damu yangu. Unywele mmoja kwenye sabuni unaniharibia asubuhi nzima. Dada yangu, mkubwa wangu na ndugu pekee niliyebaki naye, husema siku niliyozaliwa nilimkagua mkunga mikono kwanza ndipo nikalia. Naeleza haya ili ijulikane nilivumilia nini pale kwa Mwalimu.

Na nilivumilia kwa ajili ya sura ya mama.

Mama alifariki mwaka juzi. Hakupenda kupigwa picha, na chache alizopigwa zilikaa kwenye bahasha moja juu ya kabati. Paa likavuja. Tulipoifungua ile bahasha, picha zilikuwa zimegandana, na kila tuliyoibandua, uso wake ulibaki umeng'ang'ania mgongo wa picha nyingine, ute wa kahawia ulioota ukungu. Dada alilia siku ile kuliko siku ya maziko. Mimi kazi yangu ni kuandika vibao vya maduka. Herufi nazimudu, vichwa vya saluni nabahatisha. Nikamwahidi Dada kwamba nitajifunza kuchora kwa kweli, halafu nitamchora mama kutoka kichwani mwangu. Akasema atasubiri, hata miaka.

Ndivyo nilivyofika kwa Mwalimu.

Alikuwa mzee mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, kucha nyeusi kwa mkaa. Alikaa ghorofa ya pili, juu ya fundi cherehani, chumba kimoja kikubwa chenye dirisha pana na pazia zito lililotenga sehemu ya nyuma ya chumba. Ukutani alitundika karatasi za zamani, michoro iliyotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vya sanaa kuinakili: mguu, sikio, pua, jicho peke yake, kichwa cha sanamu ya plasta. Unaanza na mguu. Mtu aliye hai humgusi mpaka umezimaliza zote.

Sakafuni alichora mstari wa chaki. Unasimama pale, mchoro wa kunakili na karatasi yako viko bega kwa bega mbele yako. Unapima kwa uzi wa timazi kama fundi wa kuta. Unabeba ulichokiona, unatembea hatua tatu, unaweka alama moja tu. Unarudi kwenye chaki. Kipindi chote ni kwenda na kurudi, unaona, unapeleka, unarudi kuona. Usichore unachokijua, alikuwa akisema, chora unachokiona. Mguu wa kwanza ulinichukua wiki mbili, na ulipokamilika niliupenda kuliko miguu yangu mwenyewe.

Tatizo ni harufu.

Ilitoka nyuma ya pazia. Unga uliochacha, kitambaa kibichi, na pumzi ya kinywa kisichopigwa mswaki. Siku ya kwanza nilivuta hewa kwa mdomo, nikaona ni vibaya zaidi, kwa sababu nilianza kuionja. Halafu kulikuwa na sauti...

Nyach. Nyach. Nyach.

Nilimtazama Mwalimu. Hakugeuka.

"Mke wangu," alisema. "Anakula."

Wiki iliyofuata alikuwa bado anakula. Na iliyofuata. Niliuliza kama anaumwa, Mwalimu akasema haumwi, akanirudisha kwenye mguu wangu.

Kila jioni, ikibaki robo saa mwanga uishe, alinibandikia karatasi tupu na kuniambia nimchore mama. Bila kuangalia kitu. Eti mkono usisahau ulichokijia. Nilichora nilivyoweza. Alikuja kusimama nyuma yangu, akatazama, akasema, "Siye. Futa." Na kweli hakuwa yeye, basi nikafuta. Mkate uliingia weusi vidoleni mwangu. Nilipotafuta pa kuutupa, alininyooshea kopo la maziwa ya unga, tupu, lenye mfuniko. Niliweka humo. Tena nikamsifu moyoni, nikaona hapa nimepata mwenzangu wa usafi, mtu asiyewaachia mende makombo.

Siku moja nilisahau kidonge mfukoni mwa aproni. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponishika mkono. Alitumbukiza vidole vyake mfukoni mwangu, akakitafuta, akakitoa, akakinusa. Usiku ule niliiloweka ile aproni, na asubuhi nikaitupa hivyo hivyo ikiwa imelowa.

Ningeacha. Lakini mkono ulikuwa unakua, na mtu aliyekuwa akichora vichwa vya saluni vyenye shingo kama chupa akijiona anachora sikio unaloweza kulivuta, haachi kirahisi.

Mwezi wangu wa pili pale nilimpigia Dada kumuuliza kama mama alikuwa na nyusi nene. Alicheka. Akasema nyusi za mama zilikuwa nyembamba, na ile ya kushoto ilikatika katikati, mbona mimi ndiye niliyekuwa nikimtania kwa hilo. Sikukumbuka kumtania. Wiki mbili baadaye nilimuuliza kuhusu kidevu. Mara hii hakucheka. Aliniuliza kama nalala vizuri.

Nilidhani ni majonzi. Watu wanasema majonzi yanafuta mambo. Nilikumbuka mikono ya mama, kilemba chake cha rangi ya chungwa, alivyokuwa akipiga chafya mara tatu. Nilikumbuka kisigino chake kilichopasuka. Lakini kati ya kilemba na shingo palikuwa panazidi kuwa peupe, karatasi iliyofutwa na mtu anayejua kufuta.

Yalibaki macho. Jioni moja niliyachora, kwa mara ya kwanza vizuri. Mwalimu aliyaangalia muda mrefu kuliko kawaida.

"Siye," alisema. "Futa."

Nilifuta.

Kesho yake ndiyo ile niliyokuwa dukani saa kumi na nusu. Niliwahi kidogo. Mlango ulikuwa wazi, chumba hakina mtu. Niliweka mkate mezani, nikavaa aproni mpya. Ile sauti ilikuwepo, ila jioni ile ilikuwa na haraka. Na pazia halikufungwa mpaka mwisho.

Sikuwa na nia ya kuchungulia. Niliinama kuokota kipande cha mkaa, nikaona miguu yake Mwalimu, amekaa kigodani. Nikapandisha macho.

Kopo lilikuwa mapajani. Alitoa kidonge cheusi, akakitia kinywani mwake mwenyewe, akakilainisha kwa mate, akakitoa na uzi wa ute ukafuata kidole. Kisha akakisukuma mbele yake, ndani ya tundu.

Tundu hilo lilikuwa kwenye kitu kilichokaa juu ya shingo ya mwanamke. Siwezi kukiita uso. Kilikuwa laini kote, kibichi, rangi ya unga uliokandwa ukaachwa usiku kucha chini ya kitambaa, pamoja na lile jasho lake. Hakuna macho. Hakuna pua. Tundu tu, halina midomo, linafumba na kufumbua. Nyach. Nyach. Mate meusi yalichuruzika mpaka kwenye khanga aliyofungiwa shingoni kama bibu ya mtoto, na khanga ilikuwa imekauka na kulowa mara nyingi mpaka imekuwa ngumu.

Alimeza.

Na ile ngozi ikaanza kuumuka. Pua ilipanda. Kidevu kikasukuma kutokea chini. Nyusi zikaota, nyembamba, ya kushoto ikakatika katikati. Mwisho, pole pole, yakapasuka macho.

Alikuwa mama.

Nilitapika kwenye ndoo ya makaa. Nilitapika mpaka ikabaki nyongo, na hata nikiwa nimeinama vile, jambo moja lilinishika: nilipomtazama nilimjua, nilipoinamisha kichwa sikumjua tena. Sura haikuwa kwangu. Ilikuwa kule, kwenye shingo ya yule.

Mwalimu alinipa kitambaa nijifute. Nilikikataa.

"Jana ulifuta vizuri," alisema kwa sauti ya chini. "Macho ndiyo yaliyokuwa yamebaki."

"Nirudishie."

"Hairudi. Ikishaingia kwenye mkate hairudi ilikotoka."

Nilimwita jina ambalo mama angenichapa kwa kulitamka. Hakukasirika. Alikaa, akaanza kunieleza huku akisugua kucha zake, na aliongea kwa uchovu wa mtu aliyewahi kueleza hayo kwa wengine. Alisema alimchora mkewe kila siku kwa miaka kumi na moja. Hakuridhika hata siku moja. Alichora, akafuta, akachora, akafuta, na mkate aliwatupia kuku wa jirani. Asubuhi moja mkewe aligeuka kutoka jikoni na chai mkononi. "Nilidhani ni mwanga," alisema. Hakuniambia kuku wale waliishia wapi, wala ni nani aliyemfundisha kuwa njia ya kumlisha ni ile. Niliuliza. Akahamia ukucha mwingine.

Niliuliza kwa nini mama yangu. Akasema watu hawaji kwake kuchora wasiowapenda, na sura isiyopendwa haikai kwa mkewe hata dakika kumi.

"Hii itakaa mpaka lini?"

Alitazama dirishani. Jua lilikuwa limeshagusa paa za ng'ambo.

"Mpaka mwanga uishe. Kisha inashuka tumboni, kama chakula kingine." Akainuka, akalivuta pazia lote. "Ulikuja kutafuta picha, mwanangu. Hiyo hapo. Chaki unaijua ilipo."

Nilimchukia wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Ningeweza kumpiga. Ningeweza kushuka kumwita fundi cherehani na mkasi wake. Lakini ningeshuka mikono mitupu, na Dada angesubiri miaka picha ya mtu ambaye mimi simkumbuki. Nilichukua karatasi, nikaibandika.

Alimsogeza mkewe na kiti chake mpaka kando ya ubao wenye karatasi yangu. Harufu ilikuja naye. Nilirudi kwenye chaki, nikainua uzi wa timazi, nikangoja uache kucheza.

Hatua tatu. Alama moja. Kurudi.

Kwenye chaki nilimwona mama mzima, na nilitaka kumkumbatia. Hatua ya kwanza, macho yakiwa kwenye karatasi, alianza kunitoka. Ya pili alikuwa amekwenda. Ya tatu nilikuwa nimeshika mkaa, kichwani sina mama, nina pembe tu: mshazari wa taya, umbali wa pua na mdomo, kivuli chini ya jicho. Niliweka pembe hizo. Nikarudi. Nikampata tena. Nikampoteza tena. Sijui ni mara ngapi. Mara mia, labda zaidi.

Macho yake yalikuwa ya mama lakini hayakuwa yakinitazama mimi. Yalitazama mkate mezani. Na hakuacha kutafuna. Kulikuwa na mabaki kinywani, akiyazungusha kutoka shavu hadi shavu, na mate meusi yakimtoka pembeni ya mdomo, midomo ya mama, Mwalimu akayafuta kwa kidole gumba na kujipangusa kwenye suruali. Nilimeza matapishi mara mbili. Nikaendelea.

Kwenye taya nilikosea. Mstari ulikwenda nje kwa upana wa punje ya mchele. Mkono wangu, miezi yote ile umefunzwa, haukuniuliza. Nilishtukia nimeshamega mkate na ninaufinyanga.

Kutafuna kukakoma.

Chumba kizima... kimya.

Yule mwanamke aliinama mbele, pole pole, kiti kikalia. Akafungua kinywa. Ndani hakukuwa na meno, fizi tu, nyeusi, zimevimba, na ulimi mnene uliopakwa masizi ukatoka nje na kungoja.

"Futa," alinong'ona Mwalimu sikioni mwangu. Sikumsikia akija. "Futa, mwanangu. Umekosea."

Nilikuwa naiona ile kasoro. Nilikuwa nawashwa nayo. Hakuna mwanafunzi wake ambaye asingeifuta, na nadhani alijua hivyo, maana pumzi yake ilikuwa fupi. Nilifumba macho. Nikautupa ule mkate dirishani, nikachukua mkaa, nikaugeuza ule mstari kuwa kivuli cha kilemba.

Mwalimu alitoa sauti ndogo, ya mtoto aliyenyimwa.

Mwanga ulikuwa unakwisha. Sikio la kulia lilikuwa limeshazama. Paji la uso likaanza kulainika, nyusi zikaelea, zikayeyuka. Nilimaliza jicho la kushoto huku ngozi ikilifunika kutoka pembeni. Niliporudi kwenye chaki mara ya mwisho palikuwa na tundu, na lile tundu lilisema neno moja, kwa kunong'ona, kwa adabu kabisa.

"Mkate..."

Nilikunja karatasi nikashuka ngazi. Mwalimu hakunizuia. Kule juu nilisikia akimbembeleza.

Nilioga mara nne. Vidole nilivisugua kwa mchanga mpaka ngozi ikachubuka, na bado nikivikaribisha puani nasikia unga uliochacha. Picha niliikalia wiki tatu bila kuifungua. Katikati ya wiki hizo nilipita pale chini, nikamuuliza fundi cherehani habari za juu. Aliniambia mzee hajambo, amepata mwanafunzi mwingine, baba mmoja mpole aliyefiwa na binti yake, hupita pale kila jioni na mkate kwapani. Ningepanda kumwonya. Nilifika ngazi ya nne. Ile harufu ikanipokea, nikarudi chini. Sina la kujitetea.

Jumapili nilimpelekea Dada. Alikuwa ametandika meza, akafuta mikono, akaikunjua picha juu ya sahani. Alikaa. Alianza kulia bila sauti, mabega tu yakitikisika, akaweka kiganja kwenye shavu la karatasi, akakitoa haraka asije akaharibu mkaa. Akasema ni yeye. Akasema nyusi, akasema macho, akasema hata kilemba kinavyoangusha kivuli tayani. Sijawahi kumpa mtu furaha namna ile maishani mwangu.

Kisha akainama karibu zaidi.

"Na mdomo," alisema. "Umenasa hata mdomo, alivyokuwa anaukunja pembeni kabla hajatugombeza. Mimi nilishasahau. Wewe umekumbukaje?"

Nilimwambia vitu vingine havisahauliki. Akanikumbatia, akaitundika ukutani mkabala na meza, mama atuangalie tukila, akaanza kupakua.

Dada yangu ana mama yake ukutani, na nafurahi kwa ajili yake. Mimi naangalia pale nikitafuta yule aliyenizaa na simpati. Yule mwanamke wa kwenye picha namfahamu. Nilimwona jioni moja tu, na alichokunjia mdomo hakikuwa hasira. Alikuwa anatafuna.